Je, wajua? Kwa nini Wamarekani wameibadilisha katiba yao mara 27 tu

Hii stori inaanzia kwa mwanafunzi aliyepewa C. Mwaka 1982 kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Texas pale Austin, anaitwa Gregory Watson, aliandika insha ya darasani akadai kuna rekebisho la katiba ambalo James Madison, mmoja wa waasisi wa Marekani, alilipendekeza tangu 1789, linasema wabunge wakijipangia mshahara mpya usianze kulipwa mpaka uchaguzi mwingine upite, na eti hilo pendekezo bado liko hai kwa sababu halikuwekewa tarehe ya mwisho. Mwalimu wake hakushawishika, akampa C yake. Jamaa bana, badala ya kununa akaanza kuwaandikia barua wabunge wa majimbo, jimbo baada ya jimbo, Maine wakakubali 1983, Colorado 1984, na ilipofika Mei 1992 hesabu ikatimia likawa Rekebisho la 27. Miaka 202 tangu lipendekezwe! Chuo walikuja kumbadilishia maksi kuwa A mwaka 2017, yaani baada ya miaka 35, haya.

Sasa kwa nini ni ngumu hivo? Ibara ya 5 ya katiba yao inataka theluthi mbili ya Baraza la Wawakilishi na theluthi mbili ya Seneti, halafu robo tatu ya majimbo yaridhie, kwa leo ni majimbo 38 kati ya 50. Ipo njia nyingine, majimbo 34 yakiomba unaitishwa mkutano wa kupendekeza marekebisho, ila hiyo haijawahi kutumika hata siku moja. Kwahiyo majimbo 13 yakigoma, hata yawe yale yenye watu wachache kama Wyoming, mchezo umeisha. Mapendekezo zaidi ya 11,000 yameshapelekwa bungeni, yaliyopita ni 27, na hapo 10 ya kwanza yalipita kwa mkupuo mwaka 1791. Wakitaka kweli wanakimbia, lile la kupiga kura ukiwa na miaka 18 lilichukua kama siku 100 tu mwaka 1971, maana vijana walikuwa wanapelekwa Vietnam kufa na kura hawana. Lakini kutaka wote kwa pamoja ndo shughuli yenyewe.

Hapa ndo wasomi wao wanaposhikana mashati. Hivi katiba ambayo haibadiliki kwenye karatasi, inabadilikaje mtaani?

Angalia ajira ya watoto. Mwaka 1918 Mahakama ya Juu ilisema Bunge la taifa halina mamlaka ya kuzuia bidhaa za viwanda vilivyotumia watoto zisisafirishwe toka jimbo moja kwenda lingine. Bunge likakasirika, 1924 likapitisha pendekezo la kurekebisha katiba ili lipewe mamlaka hayo, majimbo hayakutosha, na mpaka leo liko pale pale linaning'inia kama lile la Madison lilivyoning'inia kabla ya 1992. Ila 1941 Mahakama yenyewe ikageuka, ikaufuta uamuzi wake wa 1918. Rekebisho halikupita lakini kilichotakiwa kikapatikana! Profesa David Strauss wa Chuo Kikuu cha Chicago anatumia mifano ya namna hii kusema marekebisho rasmi hayana uzito ambao watu wanayapa, katiba ni kitu hai kinachokua kupitia kesi moja hadi nyingine. Bruce Ackerman wa Chuo Kikuu cha Yale anaenda mbali zaidi, anasema kuna vipindi wananchi wenyewe wanaigeuza nchi kisiasa, kama miaka ya 1930 enzi za Rais Roosevelt, na hayo nayo ni mabadiliko ya katiba hata kama hakuna mstari ulioandikwa.

Upande wa pili kuna watu wa maana ya asili, jaji wa Mahakama ya Juu Antonin Scalia ndo alikuwa kinara wao, alikuwa akitania kwamba katiba yake yeye imekufa. Hoja yake: maneno yana maana ileile yaliyokuwa nayo siku yanapitishwa, ukitaka kitu kipya nenda Ibara ya 5 ukawashawishi wenzako, usipitie kwa majaji 9 ambao hakuna aliyewapigia kura. Mi naona hapo ana pointi, shida ni kwamba anakutuma kwenye mlango ambao majimbo 13 yanakaa na funguo.

Na mfano mtamu kuliko yote ni rekebisho la usawa wa jinsia. Bunge lililipitisha 1972 likaweka dedilaini ya miaka 7, ikasogezwa mpaka 1982, majimbo yakaishia 35, na matano kati ya hayo yakasema tumefuta ridhaa yetu. Wakati huohuo mawakili kama Ruth Bader Ginsburg, ambaye baadaye alikuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, walikuwa wanashinda kesi moja baada ya nyingine mahakamani, mpaka wasomi wakaanza kusema aah, rekebisho lilishaingia lenyewe bila kupitishwa. Ila 2011 Scalia alisema katika mahojiano kwamba katiba haikatazi ubaguzi wa jinsia. Na 2022 Mahakama ikafuta haki ya kutoa mimba iliyokuwa imesimama tangu 1973. Hapo watu wakashtuka, kumbe alichokupa jaji, jaji mwingine anaweza kukunyang'anya!

Bahati nzuri au mbaya, Nevada, Illinois na Virginia walikuwa wameshaamka, wakaridhia lile la 1972 kati ya 2017 na 2020, wakafika 38. Watetezi wake wakamkumbuka Watson: kama la Madison lilikaa miaka 202 likakubalika, hili la miaka 48 lina kosa gani? Wapinzani wakajibu la Madison halikuwa na dedilaini, hili lilikuwa nayo, watetezi nao wakarudi kwamba dedilaini iliwekwa kwenye utangulizi, sio ndani ya maneno ya rekebisho lenyewe. Ginsburg mwenyewe, aliyekuwa analitaka kuliko wengi, Februari 2020 akasema heri waanze upya.

Januari 2025, siku chache kabla ya kutoka madarakani, Joe Biden akatangaza kwamba kwa maoni yake tayari ni Rekebisho la 28. Mtunza nyaraka wa taifa, ambaye ndiye anayetakiwa kulichapisha, hakulichapisha. Hesabu rasmi bado ni 27, la mwisho ni la yule wa C.