Je, wajua kwa nini maji ya kupwa yanaweza kuwahadaa watu wa Jambiani?

"Ukiona bahari imerudi nyuma ghafla, kimbia." Hilo ndilo onyo la tsunami linalojulikana na wengi. Sasa kamwambie maneno hayo mwanamke wa Jambiani au Paje, kule pwani ya mashariki ya Unguja, anayeiona bahari ikitoka mara mbili kila siku! Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanakwenda hadi karibu na mwamba, zaidi ya kilomita moja, na hapo ndipo anapotoka kwenda kufunga mwani au kuchokoa pweza. Kwake maji yakitoka ni kazi imeanza.

Basi atajuaje?

Kwa saa na kwa kasi. Maji yetu yana miadi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hujaa yapata saa kumi, jioni na alfajiri, na kupwa yapata saa nne. Kila siku miadi hiyo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kwenye bamvua tofauti ya kujaa na kupwa ni kama mita 4, na maji huchukua saa sita na ushei kushuka. Piga hesabu: ni sentimita moja hivi kwa dakika. Tsunami haina subira hiyo. Inaweza kuinyonya bahari ndani ya dakika chache tu, hata saa ambayo maji yalipaswa kuwa yanajaa. Mkulima wa mwani, anayehesabu siku za mwezi kama anavyohesabu kamba zake, atashtuka kabla ya mgeni aliyelala kwenye kitanda cha hoteli.

Ila asitegemee hilo peke yake. Kuna tsunami zinazoanza kwa maji kupanda, bila kupwa kwanza.

Wala asingojee ardhi itikisike. Tetemeko la 26 Desemba 2004 lilitokea Sumatra, zaidi ya kilomita 6,000 kutoka kwetu, wakati huku ni saa kumi kasoro za alfajiri. Kwenye kilindi wimbi lilikwenda kwa kasi ya ndege ya abiria, na bado lilifika pwani ya Afrika Mashariki mchana. Somalia ilipoteza karibu watu 300, na hata Tanzania kulikuwa na vifo. Saa zile zote wengi hawakupata habari kwa sababu Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wa tahadhari. Sasa upo: vituo vya India, Indonesia na Australia hupeleka taarifa kwa kila nchi, na kwetu hupokelewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Kutoka Sumatra hadi kwenye simu ya sheha, kiongozi wa serikali kijijini, basi, ujumbe unaweza kufika kwa dakika. Kipande kigumu ni kile cha kutoka kwa sheha hadi kwa wanawake walioko kwenye vigingi vya mwani, simu zao wameziacha nyumbani zisilowe. Spika ya msikiti? Inafaa kijijini. Lakini upepo wa kusi ukivuma hutoka baharini, na sauti hurudi ilikotoka. Ndiyo maana mimi ningeanza na kitu cha kuonekana, kitambaa chekundu juu ya mlingoti mrefu, kila mtu ajue maana yake, na filimbi kwa atakayekaa zamu ufukweni. Kutoka kwenye mwamba hadi nchi kavu, kwa miguu, kwenye mchanga laini na majani ya bahari, si chini ya dakika ishirini. Aliyebeba gunia la mwani mbichi alitupe.

Mengine yapangwe barazani mapema: njia ipi inapanda juu, maana kinachookoa ni kimo zaidi ya umbali, nani anamchukua bibi asiyeweza kutembea, na kwa bodaboda ya nani, mwalimu wa chuo cha Kurani anawatoa watoto kwa njia ipi. Hili la watoto lina mtego wake. Wazazi wakikimbilia chuoni huku watoto wanapelekwa juu, watapishana njiani na kila mmoja atarudi kumtafuta mwenziwe. Bora wakutane juu. Wavuvi walioko nje ya mwamba, kwenye kilindi, wabaki huko huko. Wimbi huinuka likifika maji madogo.

Na wimbi la kwanza likishapita, hakuna kushuka kuangalia ngalawa. Yanayofuata huweza kuja kwa saa kadhaa, na la pili au la tatu mara nyingi huwa kubwa kuliko la kwanza. Kitambaa kishushwe na sheha, baada ya kupata ujumbe mwengine.