Tairi jipya lataka tyubu mpya

Kwenye vijiwe vya bodaboda Ngamiani, Tanga, maneno ni yaleyale: "Fundi, badilisha tairi, tyubu iache, haijawahi kupata pancha." Wengi huamini tyubu isiyo na kiraka ni nzima, tena imekomaa. Sivyo.

Mpira wa tyubu hutanuka kadiri unavyotumika, na haurudi kamili kwenye kipimo chake cha mwanzo. Ukiutia ndani ya tairi jipya, ambalo bado limebana, ile ziada hujikunja. Penye kunjo mpira husuguana, hupata joto, hulika, mwisho hupasuka. Na tyubu ikipasuka upepo hutoka ghafla, pengine umepakia mama na mtoto. Hili linanisumbua kuliko bei ya tyubu yoyote. Shina la valvu nalo huchoka pale linapoungana na tyubu, mahali ambapo kiraka hakishiki vizuri.

Linganisha namba ya tyubu na ya tairi: 3.00-18 ni upana wa inchi 3 kwa ringi ya inchi 18. Fundi apapase ndani ya tairi kabla ya kufunga, mchanga usibaki. Tyubu ya zamani iweke akiba, ikufikishe nyumbani ukikwama njia ya Pangani.