Ziwa Kivu kwa pirogi: wanyama wako ukingoni, si katikati

Anayepanda boti Bukavu kutafuta wanyama kwa kawaida hukodoa macho kwenye maji mapana, kuelekea kisiwa cha Idjwi. Anapoteza muda. Ziwa letu lina kina cha karibu mita 480, lakini oksijeni haishuki zaidi ya mita 60 hivi. Chini ya hapo kuna maji mazito yenye methani na kaboni dioksidi, na samaki hawezi kuishi humo. Kwa vile kando huteremka ghafla, sehemu ya sakafu ya ziwa yenye uhai ni utepe mwembamba unaofuata mawe na matete. Samaki wa mawe wako hapo, na wanaowala wako hapohapo.

Halafu tuseme wazi: kiboko na mamba si wakaaji wa ziwa hili. Akikuahidi mtu kiboko, anauza mafuta ya motere.

Mnyama wa kutafuta ni fisimaji mwenye madoa shingoni, ambaye wengi humjua kwa Kifaransa, lutre. Huwinda kwa macho, kwa hiyo anahitaji maji maangavu, na mara nyingi haendi zaidi ya mita kumi kutoka ufukoni. Toka saa kumi na mbili asubuhi, kabla upepo haujaamka, maana ziwa likiwa kama kioo utaona mkunjo wa maji wenye umbo la V kabla hujamwona mwenyewe. Mbele ya mkunjo huo kuna kichwa bapa, kimelala sawasawa na maji. Hapa ndipo watu wengi hukosea: mnandi, ndege mzamiaji anayekula samaki, naye huogelea mwili ukiwa umezama, lakini shingo yake husimama kama fimbo na mdomo huelekea juu kidogo. Wakizama, hesabu. Fisimaji huwa chini sekunde kumi na tano au ishirini, akiacha mstari wa mapovu. Tazama mapovu yanakoelekea, ataibukia mbele yake.

Mwombe papa wa kasia, yaani mpiga kasia wako, apite mita 30 kutoka kwenye mawe, sambamba na ufuo. Pirogi (mtumbwi) inayomwelekea mnyama moja kwa moja humtisha hata ikienda polepole. Kama una kanoti ya motere, zima injini mita 100 kabla, uache mkondo ukusogeze. Kelele za watu hazimsumbui sana kama kasia linalogonga ubao, kwa sababu mgongano huo hupita majini. Vighuba vilivyo kati ya rasi tano za mji ndivyo vya kujaribu kwanza, hasa penye matete ambayo hayajafyekwa.

Jumeli, darubini ya macho mawili, ichukue ya 8×42, inayokuza mara nane. Ya 12 inavutia dukani, lakini kwenye pirogi kila mtikisiko huongezeka mara kumi na mbili na utaona ukungu tu. Kaa, viwiko juu ya magoti, jua likiwa mgongoni. Jile ya kuokolea ivaliwe, isikaliwe kama mto.

Ndege ni rahisi zaidi. Mdiria mweusi na mweupe husimama hewani akipiga mabawa, kisha hudondoka kama jiwe. Yeye humeza samaki mdogo bila kurudi kwenye tawi, na ndiyo maana utamkuta mbali na ufuo kuliko wadiria wengine. Mnandi aliyetandaza mabawa juu ya jiwe anayakausha, kwa kuwa manyoya yake hulowa; msimkaribie hadi arudi majini kabla ya wakati. Furukombe utamsikia kwanza.

Katikati ya ziwa kuna sambaza, samaki wadogo kama dagaa walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mchana hukaa chini, usiku hupanda, na wavuvi huwavuta kwa taa wakiwa kwenye pirogi tatu zilizounganishwa kwa miti mirefu. Alfajiri, pirogi hizo zikirudi, mwewe na wadiria huzifuata. Uliza kwanza kama jana usiku wamevua: mbalamwezi ikiwa kali taa hazina nguvu na wengi hubaki nyumbani.

Wanaoanzia Goma wana tahadhari yao: msishuke kwenye mashimo ya mawe ya lava kando ya maji, hasa asubuhi tulivu. Mazuku, yaani gesi nzito ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, hutulia humo bila rangi wala harufu, na mbuzi aliyekufa pasipo jeraha ni dalili tosha.

Mpaka wa Rwanda uko karibu sana na Bukavu, hivyo chukua kitambulisho na mwambie papa abaki upande huu. Na kama mvua kubwa ilinyesha usiku, midomo ya mito itakuwa myekundu kwa udongo. Fisimaji haoni kitu humo. Mwache siku hiyo, usogee kwenye maji mafupi ya kando, ambako yangeyange na korongo huokota wanachosukumiwa na tope.