Kinyama Kisichouma: Miaka Kumi Ndani ya Utumbo Mpana

Neno "kinyama" hutupa kazi kliniki. Mgonjwa anaingia, anakaa, anaangalia chini, kisha anasema kwa sauti ndogo: "Daktari, nimeota kinyama." Kwa wengi wetu hapa Dodoma kinyama maana yake ni bawasiri, yaani mishipa ya damu iliyovimba kwenye njia ya haja kubwa. Ninachotaka kukieleza leo ni kinyama kingine kabisa. Hiki huota ndani, kwenye ukuta wa utumbo mpana, na kwa kawaida hakiumi hata kidogo. Kitaalamu huitwa polipu. Saratani nyingi za utumbo mpana huanzia hapo.

Utumbo mpana una urefu wa takribani mita moja na nusu. Utando wake wa ndani haukai na seli zilezile. Hujivua na kuota upya kila baada ya siku chache. Seli changa huzaliwa chini kwenye vishimo vidogo sana, hupanda juu, hufanya kazi yake, hufa na kutoka na choo. Kila seli ikigawanyika hunakili vinasaba vyake, na katika kunakili makosa hutokea. Mengi hurekebishwa. Lakini kosa likiangukia jeni iitwayo APC, ambayo hufanya kazi ya breki, seli hiyo huacha kufuata zamu. Haifi wakati wake ukifika, inazaa nyingine kama yenyewe, zinarundikana. Kinyama kimeanza, kidogo kama punje ya uwele.

Kinaweza kubaki hivyo maisha yote. Kikipata kosa jingine, mara nyingi kwenye jeni ya KRAS, kinapata nguvu ya kukua: kutoka uwele hadi mtama, kutoka mtama hadi karanga. Baadaye ikiharibika TP53, ile inayoiamuru seli mbovu ijiue, hakuna tena mlinzi. Watafiti wa Marekani Eric Fearon na Bert Vogelstein ndio walioipanga safari hii hatua kwa hatua mwaka 1990, na tangu wakati huo tumezidi kuielewa. Kinyama kikifikia sentimita moja ndipo tunapoanza kuwa na wasiwasi zaidi. Siku seli zake zitakapopenya kwenda chini kwenye ukuta wa utumbo, jina linabadilika: sasa ni saratani.

Safari hiyo yote kwa kawaida huchukua miaka kumi, pengine zaidi. Naomba msomaji aishike hesabu hii. Ni magonjwa machache sana yanayotupa muda mrefu hivyo wa kuyawahi.

Vinyama si vya aina moja. Vipo vidogo vinavyoota karibu na njia ya haja kubwa ambavyo kwa kawaida havina madhara. Vipo vinavyotokana na uvimbe wa muda mrefu. Kichocho cha tumbo, kwa mfano, kinaweza kuviotesha. Vinavyotusumbua hasa ni vile viitwavyo adenoma, na vingine bapa vilivyolala kwenye ukuta kama kiraka, rahisi kupitwa na jicho. Adenoma nyingi hazitakuwa saratani kamwe. Shida ni kwamba kwa kuangalia tu hatuwezi kujua ipi itageuka, kwa hiyo tukizikuta tunaziondoa.

Nilimpokea mzee mmoja kutoka upande wa Mpwapwa. Damu yake ilikuwa tisa. Kwa miaka miwili alikuwa akinywa juisi ya rozela na vidonge vya kuongeza damu; ikipanda kidogo, inashuka tena. Kote alikopita hakuna aliyemuuliza damu hiyo inakwenda wapi. Jambo hili linaniuma kila ninapolikuta, kwa sababu kumwongezea mtu damu bila kujua inakovujia ni kujaza maji kwenye pakacha. Kinyama kilicho upande wa kulia wa utumbo kinaweza kuvuja kidogo kidogo, damu ikachanganyika na choo na mtu asione chochote. Mwanamume mzima, au mama aliyekwisha koma hedhi, akipungukiwa madini ya chuma bila sababu inayoeleweka, lazima utumbo wake uchunguzwe.

Tulimwandikia kipimo cha kamera, yaani mrija mwembamba wenye kamera unaopitishwa njia ya haja kubwa kuuangalia utumbo mpana kwa ndani. Siku moja kabla yake mgonjwa hanywi ila vitu vya majimaji, pamoja na dawa ya kusafisha tumbo. Hapa kwetu tunasisitiza jambo moja: juisi ya zabibu na rozela marufuku siku hiyo, maana wekundu wake unaweza kutuhadaa tukadhani ni damu. Choo kikianza kutoka chepesi na kisafi, karibu kama maji, tumbo liko tayari.

Tulikikuta upande wa kulia, kimening'inia juu ya kikonyo chake kama zabibu, chekundu, kimelowa damu juu. Kitanzi cha waya mwembamba kilipita ndani ya kamera, kikakizunguka shingoni, kikakazwa, umeme ukapitishwa. Kikaanguka. Hakusikia maumivu ya kukatwa, kwa sababu utando ule hauna hisia hizo. Ndiyo maana vinyama hivi hukaa miaka bila kumshtua mwenyewe. Majibu ya maabara yalionyesha adenoma yenye seli zilizokwisha kuharibika sana, ila hazijapenya ukuta. Tuliwahi.

Watu huniuliza kuhusu chakula. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kuwa nyama za kusindikwa kama soseji husababisha saratani ya utumbo mpana, na kuwa nyama nyekundu huenda ikasababisha. Simkatazi mtu kwenda kula nyama mnadani Msalato, hapa Dodoma. Nasema nyama isiwe ya kila siku, na ugali wa uwele au dona kwa mlenda na kunde usionekane chakula cha kimaskini, maana nyuzinyuzi zake zinaulinda utumbo. Sigara, pombe na unene huongeza hatari.

Damu kwenye choo, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kupungua uzito bila sababu: nenda kituo cha afya, omba uchunguzwe kabla ya kukubali jina la bawasiri. Miongozo ya Marekani sasa inaanza kupima watu wasio na dalili wakiwa na miaka 45. Mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyeugua huanza akiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri aliougua ndugu yake, ipi inatangulia.

Nilipomweleza mzee hayo, na kwamba atarudi kwa kamera baada ya miaka mitatu, aliishika picha ya kinyama chake kwa muda. "Nina wadogo zangu wanne," akasema. Tuliandika majina yao nyuma ya kadi yake ya kliniki. Wawili wamekwisha kuja.