Nyumba ya Kiitaliano na ghala lake: mtindo wa mashamba ya Marekani wa karne ya 19

Ukipita barabara za mashambani katika majimbo ya New York, Ohio, Michigan au Iowa, utaona nyumba za sura moja zikijirudia. Zina ghorofa mbili na umbo la mraba au linalokaribia mraba. Paa lake lina mteremko mdogo, hata ukisimama chini hulioni vizuri, ila upenu wake umetokeza mbele sana ya ukuta. Chini ya upenu kuna safu ya vishikizo vya mbao vilivyokatwa kwa mikunjo, mara nyingi viwili viwili. Madirisha ni marefu na membamba, yenye upinde juu. Katikati ya paa kuna kibanda kidogo chenye vioo pande zote. Hatua chache nyuma ya nyumba limesimama ghala kubwa la mbao, na lenyewe lina kibanda chake juu. Huu ndio mtindo wa Kiitaliano, uliotawala ujenzi wa Marekani kati ya miaka ya 1840 na 1880 hivi.

Jina lisikupotoshe. Waliozijenga nyumba hizi vijijini walikuwa maseremala wa kawaida, na wengi wao Italia hawakuiona hata siku moja. Kilichovuka bahari ni picha. Katika karne ya 17 wachoraji waliokaa Roma, hasa Mfaransa Claude Lorrain, walichora mandhari ya vilima yenye majengo ya mashambani na minara mifupi. Matajiri wa Uingereza walizipenda mno picha hizo, na mnamo 1802 msanifu John Nash alibuni Cronkhill, huko Shropshire, nyumba yenye mnara wa mviringo na upenu mpana, utadhani imechomolewa kwenye mchoro. Baadaye Malkia Victoria na mumewe Albert, wakishirikiana na mjenzi Thomas Cubitt, wakajenga Osborne House katika kisiwa cha Wight kati ya 1845 na 1851. Albert alisema bahari ya pale inamkumbusha ghuba ya Naples. Malkia akishaishi katika nyumba ya namna hiyo, nani tena atauliza kama mtindo unafaa?

Marekani haikumsubiri malkia. Mwaka 1839 John Notman alishamjengea askofu George Washington Doane nyumba ya aina hiyo huko Burlington, New Jersey, ambayo ilibomolewa mwaka 1961. Blandwood ya Greensboro, North Carolina, iliyobuniwa na Alexander Jackson Davis mwaka 1844 kwa ajili ya gavana John Motley Morehead, bado ipo. Lakini nyumba chache za wakubwa hazifanyi mtindo wa nchi nzima. Aliyeufikisha kwa mkulima ni Andrew Jackson Downing, mtu wa Newburgh kando ya mto Hudson, ambaye kazi yake ya asili ilikuwa kuotesha na kuuza miche. Vitabu vyake vya ramani za nyumba, hasa cha 1842 na cha 1850, vilionyesha michoro na mpangilio wa vyumba, na vilieleza kwa nini nyumba ya shamba inapaswa kupatana na ardhi iliyoizunguka. Alichukia rangi nyeupe, iliyokuwa imepakwa kila mahali wakati ule, akashauri watu watumie rangi za mawe na udongo. Alikufa mwaka 1852 akiwa na miaka 36, meli ya mvuke Henry Clay iliposhika moto katika mto uleule wa Hudson.

Nyumba nyeupe alizozipiga vita zilikuwa za mtindo wa Kigiriki, zenye nguzo mbele kama hekalu. Mtindo ule ulidai ulinganifu: ukiongeza chumba upande mmoja umeharibu sura nzima. Ule wa Kiitaliano ulivumilia nyongeza, na nadhani hiyo ni sababu kubwa ya kupendwa kwake kuliko mapenzi yoyote ya Italia. Ungeweza kubandika mnara pembeni, dirisha lililotokeza sebuleni, baraza jikoni, na nyumba ikaonekana ilikusudiwa kuwa hivyo. Martin Van Buren, rais wa nane, alifanya jambo hilo shambani kwake Lindenwald, Kinderhook. Nyumba ilikuwa ya mwaka 1797. Mnamo 1849 msanifu Richard Upjohn akaiongezea mnara na vyumba, ikageuka kuwa ya Kiitaliano huku mifupa yake ikiwa ileile ya zamani.

Sababu nyingine ni mashine. Vishikizo vile vya upenu, vinavyoonekana kubeba paa, aghalabu havibebi kitu, ni pambo. Zamani pambo la namna hiyo lingemchukua mchongaji siku nyingi. Misumeno ya mvuke ilipoenea, kiwanda kiliweza kukata vishikizo vingi vinavyofanana, na reli ikavipeleka popote palipo na stesheni. Misumari nayo ilishaanza kutengenezwa kwa mashine, na tangu miaka ya 1830 Chicago ilikuwa ikijenga kuta kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyopigiliwa misumari badala ya maboriti mazito yaliyounganishwa kwa ulimi na tundu. Mijini mtindo huu uliingia kwenye matofali, mawe na hata chuma. Mtaa wa Over-the-Rhine wa Cincinnati umejaa majengo ya aina hii, na maduka ya SoHo, New York, yalipata nyuso za chuma cha kusubu. Huko Galena, Illinois, wananchi walimzawadia Jenerali Ulysses Grant nyumba ya matofali ya mtindo huu alipotoka vitani mwaka 1865.

Sasa twende nyuma ya nyumba, maana ghala ndilo linaloeleza mambo ambayo nyumba inayaficha.

Ghala la zamani, lililoletwa na walowezi kutoka Uingereza, lilikuwa na sehemu tatu tu. Katikati palikuwa na sakafu ya kupuria ngano, yenye milango mikubwa inayokabiliana mbele na nyuma. Ukiifungua yote miwili upepo unapita, nao unakusaidia kupepeta: punje zinaanguka, makapi yanakwenda. Upande mmoja waliwekwa wanyama, mwingine nyasi kavu. Mashine za kupura zilipoingia, kazi ya ghala ilibadilika. Wakulima wengi wa kaskazini-mashariki waliacha ngano, kwa kuwa ya magharibi ilikuja kwa bei rahisi, wakageukia ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe wa nchi yenye theluji hula ndani miezi mingi, kwa hiyo zilihitajika nyasi nyingi sana na mahali pa kuziweka. Maghala yakawa marefu kwenda juu, na mengi yakachimbiwa kwenye mteremko: gari la farasi linaingia ghorofa ya juu kutokea upande wa kilima, ng'ombe wanakaa chini, na nyasi hushushwa kwao bila kubebwa. Mwaka 1867 William Louden wa Iowa alipata hataza ya kifaa kinachotembea kwenye reli iliyofungwa chini ya mgongo wa paa, kikibeba mafungu ya nyasi hadi ndani kabisa. Baada ya hapo urefu wa ghala haukumtisha tena mtu mwenye uma mkononi.

Lakini lundo kubwa lina hatari yake. Nyasi zikiingizwa ghalani na unyevu huchemka zenyewe. Vijidudu vinavyozila hutoa joto, joto linakwama katikati ya lundo, na linaweza kupanda hadi nyasi zishike moto bila mtu kugusa kiberiti. Pumzi na samadi ya wanyama wa chini huongeza unyevu juu yake. Dawa yake ni hewa, na ndiyo sababu ya kibanda cha paani: kuta zake si za vioo bali za mbao zilizopangwa mshazari, hewa yenye joto itoke na mvua isiingie.

Kibanda cha nyumba kilifanya kazi inayofanana na hiyo. Siku za joto madirisha yake yalifunguliwa, hewa moto ikapanda kupitia ngazi na kutoka. Ila tuseme kweli, wengi walikijenga ili waonekane, na ili wapande na wageni kutazama mashamba yao. Mkulima mwenye uwezo alitaka ghala lake nalo lipendeze, hasa likiwa linaonekana kutoka barabarani. Akaliwekea vishikizo vya upenu, madirisha yenye upinde, na kibanda kilichopambwa kifanane na cha nyumba. Ukiingia ndani lakini, hakuna Italia. Kuna maboriti mazito ya kuchongwa kwa shoka au kupasuliwa kwa msumeno, yameunganishwa kwa vigingi vya mbao na kuinuliwa siku moja kwa nguvu za majirani. Vijijini nyumba nyingi zilipoanza kujengwa kwa mbao nyembamba na misumari, ghala liliendelea na ufundi wa kale kwa miaka mingi. Nje majengo mawili yamevaa nguo moja. Ndani hayana uhusiano. Huko Maine na New Hampshire yaliunganishwa hata kwa kuta, nyumba, jiko, banda na ghala kwa mstari mmoja, mwenyewe afike kwa ng'ombe bila kukanyaga theluji.

Pwani yetu nayo ina sehemu katika habari hii. Mjini Salem, Massachusetts, nahodha John Bertram alijijengea jumba la Kiitaliano la matofali na mawe mwaka 1855. Utajiri wake ulitoka kwa kiasi kikubwa katika biashara na Zanzibar, iliyopata nguvu baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said: meli za Salem zilileta vitambaa vya pamba, ile merikani ya mabibi na mababu zetu, zikarudi na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi. Sandarusi, iliyochimbwa ardhini Mrima, ilitengenezewa vanishi ya samani na magari ya farasi. Pembe zilikwenda Connecticut, viwanda vya Deep River na Ivoryton vikazifanya vibonyezo vya piano, na piano ndiyo iliyokuwa fahari ya sebule za nyumba hizi. Warithi wa Bertram waliutoa mjengo huo kwa mji mwaka 1887, na tangu 1889 ni maktaba ya umma.

Mtindo wenyewe haukufa kwa kuchosha macho tu. Mwaka 1873 mabenki ya Marekani yalianguka na ujenzi ukasimama. Fedha zilipopatikana tena watu walishapenda mtindo mwingine, wa mapaa yenye miinuko mikali na mapambo ya kila namna, uliopewa jina la Queen Anne. Vitabu vya ramani vilibadilishwa na viwanda vikakata maumbo mapya kwa misumeno ileile.

Majengo mengi ya aina hii sasa yameorodheshwa katika rejista ya taifa ya maeneo ya kihistoria, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1966, na mara nyingi nyumba na ghala huorodheshwa pamoja. Orodha hiyo haimzuii mmiliki kubomoa kwa fedha zake mwenyewe. Nyumba hupona kwa kuwa inakaliwa. Ghala halina nyasi wala ng'ombe siku hizi, paa lake ni ghali kutengeneza, na wafanyabiashara wa mbao za zamani wanalipia vizuri maboriti yake.