Ushuru Usiotulia na Gharama ya Serikali Kutokata Shauri

Wafanyabiashara wadogo nchini Kenya wanaufahamu vyema ushuru wa mauzo, maarufu kama TOT, ambao hutozwa kwenye jumla ya mauzo bila kujali faida, na ambao hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Wasichokifahamu ni utakuwa asilimia ngapi mwakani. Januari 2019 serikali iliuweka kando na kuleta ushuru wa kukadiria, uliokuwa asilimia 15 ya ada ya leseni ya biashara. Januari 2020 TOT ikarejeshwa kwa asilimia 3. Kabla miezi minne haijatimia ikashushwa hadi asilimia 1 kwa sababu ya korona, kisha Sheria ya Fedha ya 2023 ikairudisha kwenye asilimia 3.

Tuchukue duka linalouza bidhaa za shilingi 200,000 kwa mwezi, mwenyewe akabakiwa na faida ya shilingi 10,000. Kiwango kikiwa asilimia 1, hutoa shilingi 2,000. Kikiwa asilimia 3, hutoa shilingi 6,000, yaani zaidi ya nusu ya faida, ilhali rafu ni zilezile na wateja ni walewale. Aliyekopa mwaka 2021 akiwa amepiga hesabu ya shilingi 2,000 alijikuta, katikati ya marejesho, hesabu hiyo haifai tena.

Kwenye ushuru wa ongezeko la thamani (VAT) kwa mafuta, serikali ilisitasita kwa muda mrefu zaidi. Sheria ya 2013 iliyapa mafuta ahueni ya miaka 3, ikaongezwa miaka 2 mwaka 2016. Septemba 2018 yakaanza kutozwa asilimia 16, ingawa wabunge walikuwa wamepiga kura kuahirisha, na kabla mwezi huo haujaisha kiwango kikapunguzwa hadi asilimia 8. Julai 2023 tukarudi kwenye asilimia 16. Yaani ilichukua miaka 10 kufika pale sheria ilipokuwa imekusudia tangu mwanzo, na katika muda huo wote hakuna mwenye matatu aliyeweza kupanga nauli ya mwaka mzima kwa uhakika.

Sisemi kwamba serikali haipaswi kubadili nia. Kuondolewa kwa Mswada wa Fedha mnamo Juni 2024, baada ya maandamano, kulikuwa uamuzi sahihi, japo ulichelewa. Kosa lilikuja baadaye: Desemba mwaka huohuo baadhi ya mapendekezo yaliyokuwa kwenye mswada huo yalirudi kupitia sheria nyingine, kabla wananchi hawajaelezwa waziwazi ni yapi yameachwa kabisa na ni yapi yamesogezwa mbele tu.

Serikali ina mkakati wake wa mapato wa miaka 3, kuanzia 2024/25 hadi 2026/27. Viwango vya ushuru vingewekwa humo na kuachwa vitulie kwa muda huo, na badiliko lolote likatangazwa angalau miezi 6 kabla ya kuanza kutekelezwa, mwenye duka angejua anakopa kwa hesabu gani.