The Hurricane, jinsi wakili wa rufaa anavyoitazama

Nimeitazama filamu ya The Hurricane mara nyingi sana, na machozi hunilengalenga palepale kila mara. Rubin Carter, anayeigizwa na Denzel Washington, yuko seli ya giza peke yake, anagombana na nafsi zake mwenyewe: moja inafoka kwa hasira, nyingine inalia. Nimewahi kuketi na wafungwa waliotoka seli za namna hiyo. Huuliza swali, wakajijibu wenyewe kabla hujafungua mdomo. Washington amelipata hilo barabara.

Filamu ni ya mwaka 1999, imeongozwa na Norman Jewison. Carter alikuwa bondia wa uzani wa kati kutoka Paterson, New Jersey, mtu aliyemmaliza Emile Griffith raundi ya kwanza mnamo Desemba 1963. Usiku wa kuamkia 17 Juni 1966, watu wawili wenye bunduki waliingia kwenye baa mjini humo wakafyatua risasi. Wawili walifia hapohapo, wa tatu akafa wiki kadhaa baadaye. Carter alikamatwa pamoja na kijana wa miaka 19, John Artis, na mwaka 1967 wote wawili wakapewa kifungo cha maisha.

Sasa niseme kinachonikereketa. Filamu inatupa mpelelezi mmoja wa kubuni anayemwinda Rubin tangu utotoni. Najua sinema inataka adui mwenye sura. Lakini mtazamaji huondoka akiamini kwamba bila chuki ya yule bwana mmoja, Carter angekuwa huru. Mimi nashinda na mafaili ya rufaa, na faili la Carter linasimulia jambo la kutisha zaidi: watu wengi, kila mmoja akiwa na karatasi yake, na karatasi zile zikikaa kimya.

Shahidi mkuu, Alfred Bello, alikuwa karibu na baa usiku ule kwa sababu mwenzake alikuwa akivunja kiwanda cha jirani. Aliapa kwamba alimwona Carter. Mwaka 1974 akaukana ushahidi huo, na 1976 Mahakama ya Juu ya New Jersey ikafuta hukumu. Kesi ikasikilizwa upya mwaka huohuo, wakatiwa hatiani tena. Kesi hii ya pili filamu inaipitia juujuu, nami ndiyo inayoninyima usingizi.

Kabla ya kesi hiyo, Bello alipimwa kwa mashine ya kutambua uongo. Mtaalamu aliueleza upande wa mashtaka kwa mdomo kwamba, kwa vipimo vyake, Bello alikuwa ndani ya baa risasi zilipolia. Ripoti yake ya maandishi ikasema ushahidi wa Bello wa 1967 ulikuwa kweli. Sasa, ushahidi wa 1967 ulimweka Bello nje, barabarani! Mtu hawezi kuwa ndani na nje kwa wakati mmoja. Utetezi haukuambiwa habari ya yale maelezo ya mdomo. Mfikirie wakili anayesimama kumhoji shahidi huyo, swali ambalo lingemvunja limefungiwa chumba cha pili.

Juu ya hayo, waendesha mashtaka waliwaambia wanajopo, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, kwamba Carter na Artis waliua kulipiza kisasi, kwa kuwa saa chache kabla mzungu mmoja alikuwa amemuua mmiliki mweusi wa baa nyingine. Ushahidi kwamba wawili hao walibeba kinyongo hicho ulikuwa mwembamba mno. Rangi ya ngozi yao ndiyo iliyojaza pengo.

Novemba 1985 Jaji H. Lee Sarokin wa mahakama ya shirikisho alitoa amri ya kumwachia Carter kwa sababu hizo mbili: kuchochea hisia za ubaguzi wa rangi, na kuficha ushahidi. Wengi hukosea hapa. Katika ombi la habeas corpus, yaani ombi la kupinga uhalali wa kifungo, jaji haulizwi nani aliua. Anaulizwa kama mtu huyu anashikiliwa kinyume cha katiba. Mashtaka yenyewe yalifutwa mwaka 1988.

Jambo jingine ambalo Jewison hakulihitaji ni pambano la Desemba 1964 na Joey Giardello, aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzani wa kati. Filamu inaonyesha Carter akiibiwa ushindi. Giardello alishinda kwa pointi, waamuzi wote wakikubaliana, na baada ya filamu kutoka aliishtaki, wakamalizana nje ya mahakama. Ukisimulia habari ya mtu aliyefungwa kwa ushahidi uliopindwa, usipinde hata raundi moja.

Na Artis? Kwenye filamu ni kivuli. Kijana huyu hakuwa na rekodi yoyote ya uhalifu, akakaa gerezani hadi 1981. Miaka mingi baadaye, Carter alipougua saratani ya tezi dume huko Toronto, ni Artis aliyehamia kwake kumuuguza, mpaka Carter alipofariki tarehe 20 Aprili 2014.